Matairi ya Safari ya Dongobesh

Pale Nakwa, kando ya mji wa Babati, watu walimwita Wilbroad Bwana Tungoje, na mwenyewe hakuchukizwa nalo. Jina alilipata enzi za utumishi wake, alipokuwa bwana shamba akizunguka Sigino, Nangara na vijiji vya mbele kwa pikipiki ya serikali. Mvua ya kwanza ikinyesha, wakulima wakikimbilia majembe, yeye huchota udongo, akaufinya kiganjani, akautazama, kisha akasema, "Tungoje kidogo. Hii inatudanganya." Mara nyingi ilikuwa inadanganya kweli. Waliomsikia walivuna, waliokaidi walitafuta mbegu mara ya pili. Basi jina likamkaa, tena kwa heshima.

Shida ni kwamba alipostaafu, kungoja hakukustaafu naye. Rangi ya kupaka sebuleni ilichaguliwa kiangazi kizima. Mkewe, Coletha, ambaye majirani humwita Mama Irine kwa jina la binti yao anayefundisha Dodoma, alikuwa ameigundua dawa yake zamani: vitu vidogo alinunua kwanza, akamwambia mumewe baadaye. Lakini gari halikuwa kitu kidogo. Ilikuwa Noah ya rangi ya fedha, kuukuu lakini safi. Ndiyo iliyowapeleka kanisani Jumapili, ikaleta mahindi kutoka shambani Sigino, na ikawahi kumfikisha jirani mwenye uchungu hospitalini akajifungua salama. Hakuna aliyeigusa bila ruhusa ya Wilbroad.

Januari ya mwaka mmoja simu ilitoka Dongobesh, kule milimani.

"Shikamoo mjomba. Ni mimi, Hilaria."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko juu?"

"Hatujambo. Mama anataka kusema nawe."

Wilbroad aliyekuwa amekaa akasimama. Redempta, mama yake Hilaria, alikuwa dada yake mkubwa na ndugu yake wa pekee. Aliolewa Dongobesh tangu ujana wake, na kwa miaka kadhaa sasa salamu zao zilikuwa zikipita kwa watu wengine, kwa Coletha, kwa Hilaria, kwa yeyote aliyekuwa anapanda au anashuka. Hawakuwa wamegombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana ugomvi huitiwa wazee ukasuluhishwa.

"Mdogo wangu," Redempta alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakatika katikati kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima. "Nataka kuja kumwona mama."

Mama yao alikuwa kaburini, nyuma ya nyumba hiyo hiyo ya Wilbroad.

"Karibu sana, dada. Karibu hata kesho."

"Miguu haitaki basi tena. Njoo unichukue na gari lako. Twende kabla mvua kubwa hazijatukuta."

"Nitakuja, dada. Nibadilishe tu matairi, halafu nakuja."

"Haya. Nakungoja."

Simu ikakatika. Wilbroad akabaki ameishika mkononi, akitazama dirishani, pale ambapo ukikaza macho unaona ncha ya msalaba wa saruji.

Mama yao aliishi miaka yake ya mwisho Nakwa, kwa mwanawe, ili awe karibu na hospitali. Alifariki katikati ya masika, wakati barabara ya mlima wa Dareda ilikuwa imegeuka uji. Redempta alipopata habari alituma neno: nakuja, msimzike kabla sijafika. Siku ya maziko, mchana, neno likaja tena kwamba ameshashuka mlima kwa miguu, yuko Dareda anatafuta usafiri. Waombolezaji walikuwa wamelowa. Padri alikuwa na misa nyingine kigango cha mbali. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya mlima Kwaraa likijiandaa kushuka upya. Wazee wakamgeukia Wilbroad, mtoto wa kiume, aseme neno. Na Wilbroad, aliyengoja kila kitu maishani mwake, siku ile hakungoja.

"Tumpumzishe," alisema.

Redempta aliingia uani jioni hiyo hiyo, khanga imeganda matope, watu wakiwa wanakula. Hakupiga yowe. Aliuliza tu, "Mmemlaza wapi?" Akaenda akasimama kwenye udongo mbichi muda mrefu, akarudi, akanywa chai aliyopewa, na kulipokucha akaondoka. Tangu hapo hakukanyaga Babati.

Asubuhi baada ya ile simu, Wilbroad alilizunguka gari lake akiwa na kikombe cha chai mkononi. Matairi ya nyuma yalikuwa kipara kitupu. Ya mbele yalikuwa yameliwa upande wa ndani, nyuzi zinakaribia kuchungulia. La akiba lilikuwa na viraka kama suruali ya mchunga ng'ombe. Kwa lami ya mjini yangevumilia. Kwa mlima wa Dareda, hapana, na hapo lazima tumpe haki yake: mtu mwenye akili asingempakia dada yake mgonjwa kwenye matairi yale akashuka naye ule mlima.

Coletha alitoka jikoni akainama kutazama.

"Yamekwisha kweli," alisema. "Nenda kwa Shaaban leo akubadilishie."

"Leo nitakwenda kutazama."

"Kutazama," Coletha akarudia, akarudi kuchambua maharage yake.

Shaaban alikuwa na duka la matairi kando ya barabara kuu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mjini hapo tangu Babati ikiwa bado mji wa mitaa michache, na Shaaban alirithi duka pamoja na ule upole wa kumpa mteja kiti kabla ya kumuuliza anataka nini.

"Karibu, bwana shamba. Safari ya wapi hii?"

"Dongobesh. Namfuata dada yangu. Hajisikii vizuri, anataka kuja kuzuru kaburi la mama."

"Mungu amjalie afya. Basi wewe unataka tairi lenye meno."

Alimletea kwanza matairi ya mtumba, yaliyotoka Japani, michirizi yake bado mirefu, meusi yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Wilbroad akavaa miwani, akachuchumaa, akayageuza mpaka akazipata zile tarakimu ndogo zilizogandamizwa ubavuni, zinazotaja juma na mwaka tairi lilipotengenezwa.

"Hili lilizaliwa kabla mjukuu wangu hajaanza shule," alisema.

"Na mjukuu sasa yuko wapi?"

"Anakaribia sekondari."

Shaaban akacheka. "Basi liache. Tairi huzeeka hata likiwa limelala stoo."

Akamletea mapya ya bei nafuu. Wilbroad akayabonyeza ubavu kwa dole gumba. Mazuri kwa mjini, akasema, lakini ubavu mwembamba, jiwe moja la mlimani litauchana. Aina ya tatu ndiyo iliyomkaa moyoni. Shaaban alimwonyesha tairi la gari jingine kama mfano: meno marefu, ubavu mnene, la matope na la lami pia. Kwa saizi ya Noah hakuwa nayo dukani, ilibidi yatoke Arusha.

"Niagize?" Shaaban aliuliza.

"Tungoje kidogo. Nikafikiri."

Akaenda kufikiri. Akapita kwa wauzaji wengine wa mjini. Akawauliza madereva wa magari yanayopanda Dongobesh, kila mmoja akawa na lake. Mmoja aliapa kwa matairi ya mtumba na kusema mapya siku hizi ni karatasi. Mwingine alisema mtu anayeweka mtumba kwa familia yake hampendi mkewe. Akamfuata katekista wa Nangara, ambaye naye alikuwa na Noah, wakalala chini ya gari wote wawili na nguo zao nzuri. Jioni, mezani, Coletha aliyasikia yote hayo kwa utulivu, akimwongezea mboga.

"Sasa umeamua lipi?" alimuuliza siku moja.

"Naelekea kwenye yale ya Arusha."

"Unaelekea."

"Kitu cha kubeba roho za watu hakichaguliwi kama nyanya, Mama Irine."

Februari Hilaria akapiga simu tena. "Mjomba, mama anauliza."

"Mwambie nimeagiza matairi Arusha. Yako njiani."

Hakuwa ameagiza. Alipokata simu alivaa kofia yake akaenda moja kwa moja kwa Shaaban akaagiza, ili lile neno lisilale usiku likiwa uongo.

Matairi yalifika, lakini yalifika manne. Yalikuwa mazuri kweli, mapya, yananukia mpira, tarakimu za ubavuni zikisema yametengenezwa juzi tu. Wilbroad aliyapapasa moja moja. Kisha akauliza, "Na la akiba?"

"La akiba la aina hii limekosekana kwa sasa," Shaaban alisema. "Nimewaambia wanitumie likipatikana. Chukua haya manne, bwana shamba. Funga, nenda kamchukue dada. Nitakuazima tairi zuri la akiba, ukirudi utanirudishia."

"Haliwezi kuwa la aina nyingine. Likipasuka moja, gari litatembea linachechemea."

"Litachechemea mpaka kwa fundi wa pancha. Dareda wapo."

Wilbroad akatikisa kichwa. "Tungoje hilo la tano. Yaje yafungwe yote siku moja."

Shaaban akayapanga yale manne pembeni, akaandika jina lake juu yake kwa chaki.

Siku hizo Kwaresima ilikuwa imeshaanza, na upande wa milimani mawingu yalikuwa yanajenga kila alasiri. Jioni moja Coletha aliweka sahani mezani, asikae.

"Baba Irine, nina neno. Kesho nipande basi mimi. Nikamchukue wifi yangu, nimshike mkono, tutashuka pole pole. Hata tukilala Dareda kwa masista."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ameniambia mimi. Dada yangu atakuja kwa gari la ndugu yake, amekaa mbele, amefunga mkanda, kama mtu. Hatakuja amebebwa kwenye basi kama gunia."

"Yeye alitaka kuja. Habari ya kukaa mbele umeileta wewe."

Wilbroad aliisogeza sahani yake, akala.

La tano lilikuja. Asubuhi ya Ijumaa moja matairi yote yakafungwa dukani kwa Shaaban, yakajazwa upepo, magurudumu yakanyooshwa yakae sawa. Noah ikasimama barabarani imeinuka kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Watu waliokuwa wakipita walisimama kusifu. Shaaban akampa mkono.

"Sasa hakuna mlima wa kukuzuia," alisema. "Nisalimie dada."

Hapo ndipo sababu zote zilipokwisha. Mtu yeyote angedhani Wilbroad atakwenda kesho yake asubuhi. Alirudi nyumbani akaliegesha gari, akamwambia mkewe kwamba tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, halipelekwi mlimani likiwa bichi. Lizoeshwe kwanza kwenye lami. Basi akalizoesha. Akaenda Bonga akarudi. Akaenda Magugu akarudi. Juma likapita anatembea kwenye lami iliyonyooka, peke yake, vioo wazi.

Coletha alimsubiri mlangoni aliporudi safari ya Magugu.

"Unaogopa nini?" alimuuliza.

"Naogopa mlima ule."

"Mlima ule umeupanda kwa pikipiki miaka yote, mvua na jua. Mimi nilikuwa nyumbani nakuombea, wewe unaupanda."

"Nilikuwa kijana."

Coletha akampisha apite. Wameoana muda mrefu, na yapo mambo aliyoyaacha yajiseme yenyewe.

Wilbroad akaenda nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa safi, kila Jumamosi alilifyeka mwenyewe. Akainama kung'oa majani ambayo hayakuwepo. Akilini aliiona picha hiyo vizuri sana: Redempta amesimama pale, mkono kwenye fimbo, hajasema kitu. Kisha anamgeukia na kuuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kwa nini hukuningoja. Majibu alikuwa nayo. Mvua ilikuwa inakuja. Padri alikuwa na misa. Watu walikuwa wamechoka. Yote yalikuwa kweli, na kila alipoyapanga mdomoni yalikuwa mepesi kama makapi. Kwa sababu kweli nyingine ilikuwepo, ambayo hakuwahi kuisema hata kwenye kitubio: kwamba alikuwa amechoka na kifo, miezi mingi ya kumuuguza, na alitaka tu iishe, watu waende, alale. Dada yake alikuwa Dareda, na yeye alitaka kulala.

Akaamua kwenda Jumamosi. Jumamosi kulipambazuka kukiwa na mawingu.

"Tungoje Jumatatu," alisema.

Jumatatu alikuwa hajamaliza chai yake simu ilipolia. Alipoona jina la Hilaria hakuipokea upesi. Coletha ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua, akasikiliza, akakaa chini taratibu kwenye kigoda.

"Ni wifi," alisema. "Ametutoka alfajiri hii."

Walipanda siku hiyo hiyo, baada ya kukusanya walichoweza. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na baada ya Dareda, pale kupanda kulipoanza, njia ilikuwa nyekundu na laini kama udongo wa mfinyanzi. Lori moja lilikuwa limekwama kando, watu wamevua viatu wanalisukuma. Wilbroad alipita pembeni yake kwa gia ndogo. Matairi yaliuma matope, yakashika, yakapanda. Kwenye kona za juu, ambapo chini unaona bonde lote mpaka mbali, hayakuteleza hata kidogo. Coletha alikuwa na rozari mkononi, midomo inatembea. Wilbroad alikaza usukani na moyoni mwake, Mungu amsamehe, alitamani yateleze. Yateleze mara moja tu, gari liyumbe, wapate shida, ili awe na la kusema atakapofika. Hayakuteleza. Alifika Dongobesh mapema kuliko alivyofikiri, gari likiwa na matope mpaka milangoni na ndani yake watu wawili wakavu.

Aniceti, mume wa Redempta, mzee mrefu aliyeinama kidogo mabegani, alikuja kuwapokea getini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Wilbroad alijibu. "Shemeji, pole. Pole sana."

"Poleni na ninyi. Karibuni. Tutazika kesho mchana. Irine yuko njiani kutoka Dodoma, ametupigia, tutamngoja na yeye."

Kesho yake mvua ilipiga asubuhi. Wanaume waliyachota maji yaliyoingia kaburini kwa ndoo, wakaliziba kwa turubai, mvua ikakata, ikaanza tena. Basi alilopanda Irine lilikuwa limechelewa Katesh. Mzee mmoja wa ukoo alimwendea Aniceti pale walipokaa, akanong'ona, lakini Wilbroad alikuwa karibu na alisikia: wingu hilo, bwana, na padri ana safari, kwa nini tusimalize?

"Mtoto wa kaka yake yuko njiani," Aniceti alisema, wala hakupandisha sauti. "Hazikwi mtu hapa kwangu wakati ndugu yake yuko njiani."

Mzee akarudi kukaa. Padri naye akavua viatu vyake vilivyolowa, akaomba chai. Aniceti hakuwa amemtazama Wilbroad aliposema hayo, na Wilbroad alijua kabisa kwamba hakukusudia kumchoma. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa neno moja. Lakini Wilbroad aliinuka akaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, akashika ukingo wa boma kwa mikono yote miwili, na huko akalia kama ambavyo hakuwahi kumlilia mama yao. Irine alipowasili, jioni inaanza kuingia, wakamzika Redempta. Hakuna aliyelalamika kuhusu mvua.

Siku ya pili, watu wakiwa wamepungua, Hilaria alimletea mjomba wake maziwa kwenye baraza. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye mabega ya mama yake.

"Alikuwa ameshafunga mfuko wake," alisema, akikaa. "Tangu ulipomwambia unabadilisha matairi. Nguo zake za kanisani na asali ya Mama Irine. Gari likipita barabarani ananiambia, katazame."

Wilbroad aliweka kikombe chini.

"Hilaria, nikuulize, usinifiche. Alisema nini juu yangu?"

"Kuhusu nini, mjomba?"

"Kuhusu siku ya bibi yako. Alitaka kuja kuniuliza, sivyo?"

Hilaria alionekana kutoelewa. Kisha akaelewa.

"Kukuuliza? Hapana. Alitaka kukupa pole." Akatafuta maneno ya mama yake. "Alisema siku ile alifika kwako amejaa hasira, akanywa chai yako akaondoka, hakukupa pole. Na wewe ndiye uliyemuuguza bibi, na wewe ulikuwa umefiwa kama yeye. Alisema ni aibu kubwa, mtu na ndugu yake wamefiwa na mama mmoja na hawajapeana pole. Alitaka akuambie hapo hapo kaburini. Nilimwambia, mama, si umwambie kwa simu? Akasema pole ya mama haitolewi kwa simu."

Wilbroad alikaa pale hadi maziwa yakapoa na kufanya utando. Hilaria, ambaye hakujua alichokuwa amekileta, aliinuka akaenda kusaidia kuosha masufuria.

Kabla ya kuondoka Wilbroad alimwendea Aniceti, akamwomba washuke wote Babati, akae siku chache, amwone mama mkwe wake alipolala. Gari lipo, alisema. Matairi ni mapya.

"Ahsante, shemeji," Aniceti alisema, akimshika mkono. "Aliyetaka kwenda alikuwa yeye."

Wakashuka, Coletha na Irine wakiwa nyuma, kiti cha mbele kimebaki kitupu. Hakuna aliyekikalia na hakuna aliyeuliza.

Mjini maisha yaliendelea. Kwa majuma kadhaa Wilbroad alikuwa akipita njia za nyuma asipite mbele ya duka la Shaaban, lakini Babati si mji wa kumkwepa mtu. Walikutana sokoni, kwa wauza samaki wa ziwani.

"Bwana shamba! Yanasemaje matairi?"

"Mazuri. Hayajateleza hata mara moja."

"Nilikwambia. Na dada hajambo? Alifika salama?"

Wilbroad alimwambia. Shaaban akaweka chini mfuko wake wa samaki katikati ya watu, akamshika mikono yote miwili, akampa pole, tena na tena, kwa maneno mengi, akamwombea marehemu. Hakusema lolote juu ya matairi manne yaliyolala dukani kwake yakiwa na jina la chaki. Wilbroad alizipokea pole hizo amesimama.

Mahindi yalipofika kiunoni, Hilaria alipiga simu. Baba yake alikuwa na shida shambani, alisema, majani yametoboka na katikati kuna kama vumbi la mbao. Kuna siku ambapo bwana shamba angepata nafasi ya kupita? Wilbroad alimuuliza maswali machache, akajua ni viwavijeshi. Hakumaliza chai. Alichukua funguo, akamwambia Coletha anakwenda Dongobesh, na Coletha akamtazama tu akifungua geti, bado amevaa ndala.

Aniceti alimpokea kwa adabu ile ile, akamtembeza kwenye mistari ya mahindi. Wilbroad alifunua mmea mmoja, akamtoa mdudu, akaupasua mwingine, akakuta kitovu kimeshaliwa. Walitembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Upande wa juu ulikuwa umekwenda wote.

"Ungekuja mapema kidogo," Aniceti alisema, akitazama shamba lake. Alikuwa anasema habari ya mahindi.

Wilbroad alikuwa ameinama, mkono umo ndani ya majani. Akamtoa mdudu mmoja, akamponda.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Haya ya chini bado yanaweza kuokoka. Tuanze na mstari huu."

Wakaanza, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakifunua majani na kutoa wadudu kwa vidole, bila mazungumzo mengi, mpaka jua likawa kali na Hilaria akawaita chakula.